Mtumbwi wa Mama Maabara

Jina lake silitaji, na akisomewa maneno haya atanishukuru, maana hakupenda kutajwatajwa. Ifakara tulimwita Mama Maabara, kwa sababu maisha yake yote ya kazi aliyakalia kwenye stuli ya maabara ya hospitali, jicho kwenye hadubini, akitafuta wadudu wa malaria katika damu zetu. Wengi mjini wanamkumbuka kwa hilo. Mimi namkumbuka kwa kompyuta. Sisemi hizi za kukunja kama kitabu. Nasema zile za zamani za nyumbani, ambazo kibodi na ubongo ni kitu kimoja, unachomeka kwenye TV ya chogo, halafu unazilisha programu kwa redio kaseti. Alikuwa nazo chumba kizima. Kuanzia Kidatu mpaka Mlimba hakukuwa na mwingine kama yeye, na malori yangu yanapita kote huko, angekuwepo ningesikia.

Macho yake yalipoanza kuzimika, na binti yake akataka kumhamishia Dodoma, swali likabaki moja tu: mashine zile atabaki nazo nani? Mimi jibu nilikuwa nalo. Nitabaki nazo mimi. Aliyekuwa hajakubali jibu hilo ni yeye mwenyewe.

Kwanza mnijue. Niliishia darasa la nne. Leo uliza stendi ya Ifakara ni mashine ya nani ya kukobolea mpunga ambayo haisimami msimu mzima, utaletwa kwangu hata na mtu asiyenipenda. Nina maghala, nina malori, nina nyumba ya wageni yenye maji ya moto. Sikurithi hata jembe. Nilianza kwa kununua vyuma chakavu kwa baiskeli, na ndiyo iliyonikutanisha naye.

Siku hiyo nilikuwa nimetoka kwenye nyumba ya daktari mmoja wa kizungu aliyekuwa anarudi kwao. Kwenye kiroba changu kulikuwa na pasi mbovu, sufuria, na kitu cheusi chenye vitufe vya herufi. Nikapita mbele ya nyumba ya Mama Maabara.

"Wewe kijana, simama. Hicho unakipeleka wapi?"

"Shikamoo Mama. Nakwenda kukivunja. Ndani kuna shaba."

"Marahaba. Shaba kiasi gani?"

"Kidogo tu."

"Kwa hiyo unachinja ng'ombe mzima ule ulimi."

Akaingia ndani, akatoka na kuku wawili, mmoja kila kwapa. Tukabadilishana. Nilicheka njia nzima, nikijua nimempiga bao mama wa watu. Kuanzia siku hiyo jina langu kwake likawa Skrapa. Nimenunua gari la kwanza, nikaenda kumwonyesha nimevaa suti. "Shikamoo Mama." "Marahaba, Skrapa. Umetumwa na nani na gari lake?" Watu wanaoniita Mkurugenzi walikuwa wamesimama pale pale. Nikameza.

Lakini ukweli usemwe: nusu ya mashine zake zilipita mikononi mwangu. Moja niliikuta Kidatu, kwenye nyumba ya mfanyakazi wa mashamba ya miwa, watoto wanaitumia kama kibao cha kukatia mboga. Nyingine ilikuwa hapa hapa mjini, kwa mwenye duka mmoja mwenye asili ya pwani, anaegeshea mlango wa stoo usijifunge na upepo. Nikipata moja tu, hata kama ni saa ya jua kali, nilikuwa naenda kuisimamisha mbele ya mlango wake kama mtu aliyeleta mahari.

Chumba chenyewe ungeingia ungedhani ni sebule ya bibi arusi. Kila mashine ilikuwa na kitambaa chake cha kufuma kwa uzi, chenye maua pembeni. Kufuma alifuma mwenyewe. Kabla ya kuzigusa alivaa koti lake jeupe la maabara, lile lile la kazini, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni. Viatu ulivua mlangoni. Na neno "imekufa" lilikuwa mwiko. Mashine isiyowaka alisema imenyamaza. Zipo zilizonyamaza miaka, naye kila Jumamosi anazifuta vumbi, anazichomeka, anasubiri kidogo, anazichomoa. "Leo hajisikii kuongea," anasema, anakwenda kwa inayofuata.

Kanda zake zilikuwa kioja. Kanda tupu Ifakara zilikuwa hazipatikani, kwa hiyo alinunua sokoni za kwaya, akarekodi programu zake juu yake. Ukiweka kanda kwenye redio unasikia sopreno wanapandisha Pasaka, mara inakatika, inaanza kelele kama nyigu waliofungiwa ndani ya debe. Hiyo kelele ndiyo programu. Mashine inaisikiliza na kuelewa. Yeye naye alikuwa anaisikiliza, kichwa kimeinama upande, mkono kwenye kitufe cha sauti ya redio. "Hapana, imeteleza," anasema, anarudisha kanda mwanzo, kabla hata mashine yenyewe haijagundua kwamba imekosea. Paroko alipopata habari kwamba kwaya yake inafutwa, alimuuliza kama haoni haya. "Baba, nimefuta sauti ya tatu tu," akamjibu, "na wewe mwenyewe unajua walikuwa hawaiwezi." Paroko alicheka mpaka akaomba maji.

Maana alikuwa na ulimi. Misa ya asubuhi hakuikosa, lakini umeme ukikatika katikati ya kazi alitoa maneno ambayo mimi, niliyelala kwenye maturubai ya malori, nilikuwa sijayasikia. Simu ya kisasa aliikataa kabisa. Alisema simu inajifanya inajua yeye anataka nini. Na wazee wenye heshima zao walimwogopa, kwa sababu alikuwa amewaona wote chini ya hadubini. Diwani mmoja alimjia juu kwenye mkutano wa mtaa kuhusu mfereji. Mama Maabara akamtazama, akasema kwa upole, "Wewe safura zako ziliishaga?" Mkutano ukafungwa kwa sala.

Mtu huyo huyo mkali, mashine ikikataa, alikuwa anaiongelesha kama mgonjwa aliyeogopa sindano. "Haya, tulia. Tunaangalia tu. Hakuna anayekufungua leo." Wagonjwa wa kweli, mimi nikiwa mmojawapo, hatukuwahi kusikia sauti hiyo.

Nilimuuliza siku moja anapata nini humo. Mimi ni mtu wa biashara, kitu kisichozaa kinanisumbua. Alimimina chai yake isiyo na sukari, chai ya mateso katika bonde linalotengeneza sukari, akasema: "Kazini nilikuwa natafuta kilichopo. Na kilichopo mara nyingi kilikuwa kibaya, nikishakiona naandika, naita mwingine. Humu hakuna kitu mpaka nikiweke mimi."

Alichokiweka, cha kujivunia kuliko vyote, ulikuwa mchezo wa mtumbwi. Hao wasichana wa leo wanaocheza kwenye simu wangecheka, maana hakuna picha, ni herufi tu. Mtumbwi ni herufi M, uko chini ya kioo. Viboko ni herufi K, wanashuka na maji kutoka juu. Unasogeza mtumbwi kushoto na kulia mpaka ufike ng'ambo. Ukigongwa, mashine inaandika: UMELIWA. Kiboko hali mtu, nilimwambia, anamuuma na kumwacha. "Ukishaumwa na kiboko, Skrapa, hutakaa kubishana naye ni neno gani litumike."

Mto wenyewe ulikuwa wa kweli. Alipokuwa msichana mpya kazini, kabla ya daraja, alitumwa ng'ambo ya mto pale Kivukoni kuchukua damu za wagonjwa. Pantoni ikiharibika alivuka kwa mtumbwi, sanduku la chupa mapajani, macho kwenye maji. Hakujua kuogelea na hakujifunza. Alisema mikono yake ilikuwa imelibana sanduku vile hata angezama, wangemkuta nalo. "Humu ndani nimeshazama sana," alisema akiigusa kibodi, "na chai yangu bado ya moto."

Sasa hadithi ya mchele, ambayo mjini wanaisimulia vibaya kwa kunichekesha. Mwaka wa mafuriko maji yaliingia mpaka chumbani kwake, yakalowesha rafu ya chini. Nilifika na lori kabla ya ndugu zake. Kila mtu anajua simu ikilowa unaifukia kwenye mchele. Kwa mwenye simu, kikombe cha mchele kinatosha. Mimi ni mtu wa maghala. Nilizifukia mashine zake kwenye mchele super, siyo chenga, mchele ambao watu wanaununua kwa ajili ya harusi. Nilipanga magunia kama godoro, nikamwaga mengine juu, nikafunika na turubai. Majirani walisimama wakishangaa ukarimu ule.

Alikuja kuzifukua mwenyewe. Pumba zilikuwa zimeingia chini ya kila kitufe. Siku kadhaa baadaye fukusi wakaanza kutoka katikati ya herufi, mmoja mmoja, kama wanaotoka kanisani.

"Skrapa," akasema, "hizi ni mashine au pilau?"

"Lakini Mama, maji si yametoka?"

"Maji yametoka. Wageni wameingia."

Alizisafisha kwa mswaki na spiriti, kitufe kwa kitufe, na nyingi zikarudi kuongea. Yeye anasema ni spiriti. Mimi mpaka kesho nasema ni mchele.

Basi macho yakaanza. Ugonjwa wa presha ya macho, walisema, na palipokwisha potea haparudi. Mtu aliyeona vidudu visivyoonekana akaanza kukosa mlango. Binti yake, mhasibu kule Dodoma, msichana mwenye adabu na haraka, akaja kupanga mambo. Nyumba itapangishwa. Mama atahamia kwake baada ya mavuno. "Na haya makorokoro, Mama?" Mama Maabara hakukasirika. Alisema tu kwamba makorokoro hayahami mpaka yapate mtu.

Wakaja wanaoyataka. Wa kwanza alikuwa mnunuzi kutoka Dar, aliyesema kuna watu nje ya nchi wanayapenda. Aliyapiga picha, akayafunga kwenye nailoni mapema ili kupima ukubwa wa maboksi. Hakuomba kuwasha hata moja. "Huyu atayauza kama pembe za ndovu," akasema Mama Maabara, "na tembo wenyewe hataki kuwajua." Akatolewa na nailoni zake.

Wa pili, mwalimu mkuu wa sekondari moja, mtu mwema, aliahidi kabati la kioo ofisini kwake, wageni wawe wanaona. Mama Maabara alimkaribisha chai. Alimshukuru. Alipoondoka akasema kabati la kioo ni jeneza lenye dirisha.

Wa tatu nilikuwa mimi. Nilivaa vizuri. Nilisema nitajenga chumba maalumu kwenye nyumba yangu ya wageni, chenye kiyoyozi, chenye mlinzi. Nilisema bila mimi nusu ya mashine hizi zingekuwa vijiko. Akasikiliza yote.

"Unaweza kuziongelesha?"

"Nitaajiri mtu."

"Sikuulizi uwezo wa kuajiri. Nakuuliza wewe." Kisha akatoa sharti lake, mbele ya binti yake: atakayezichukua aingize mchezo wa mtumbwi kutoka kwenye kanda, halafu abadilishe kitu kimoja ndani yake kwa mikono yake mwenyewe, na mchezo uendelee kufanya kazi. Kitu chochote. "Mtu asiyeweza kubadilisha ni mlinzi tu. Na walinzi wanasinzia."

Binti yake akaniangalia kwa huruma. Hiyo huruma ndiyo iliyonipandisha hasira. Nikasema nitaweza kabla ya mavuno kuisha.

Jumamosi zote za msimu ule nilikaa kwenye kile kiti, nimevua viatu, mtu mwenye maghala, nikibonyeza herufi kwa kidole kimoja. Maneno ya mashine ni ya Kiingereza, na Kiingereza mimi nilikipita barabarani tu. Ila ni machache. GOTO, maana yake nenda mstari fulani. Nyingine maana yake kama hivi, basi vile. Nyingine tena inaiamuru mashine ilie. Alinifundisha kwa lugha yangu. Herufi inayobeba namba ni gunia lenye jina, unaweza kumwaga kilichomo ukaweka kingine, jina linabaki. Hapo nilielewa haraka kuliko alivyotarajia. Mistari inahesabiwa kwa kuruka, kumi, ishirini, thelathini. Nikamuuliza mbona anapoteza namba katikati.

"Ukipanda mpunga unabananisha miche?"

"Hapana, nakosa pa kupita nikipalilia."

"Ndiyo hivyo. Kesho utataka kuingiza mstari, upite wapi?"

Nimezoea watu wanaonisikiliza. Madereva wangu nikikohoa wanazima redio. Mashine ile haikujali. Nikikosea nukta moja inaniandikia kosa, na nikirudia kosa inaniandikia vile vile, bila kuchoka, bila heshima. Nilimuuliza inasema nini. "Inasema haijakuelewa." "Na mimi sijaielewa!" "Basi mko sawa. Anza tena." Siku moja nilichomoa waya ukutani nikaondoka bila kuaga. Jumamosi iliyofuata nilirudi na sukari, ambayo haitumii. Alisogeza kiti kwa mguu.

Mwisho niliweza kubadilisha kitu. Nilibadilisha neno UMELIWA nikaweka jina la kampuni yangu. Mashine ikakubali. Niliruka. Nikamsomea kwa sauti.

"Umeandika tangazo," akasema.

"Ulisema kitu chochote!"

"Nilisema. Na kimefanya kazi. Zichukue basi." Lakini alisema akiwa ameshageukia dirishani, kule ambako alikuwa anaona weupe tu, na sauti yake ilikuwa ile ya kumwandikia mgonjwa majibu. Mimi ni mfanyabiashara, najua mtu anapouza kwa kuchoka. Nikasema sizichukui leo. Nikafuta tangazo langu, nikarudisha lake.

Wiki ile nilisimama mashineni kwangu, mpunga unaingia. Mimi siangalii mashine ya kukoboa. Naongea na wateja nimeipa mgongo, na jiwe likiingia najua, mkanda ukilegea najua. Sauti inabadilika. Pale pale nikamwacha mteja na kilo zake, nikaenda zangu.

Jumamosi ile ilikuwa ya mwisho. Masanduku ya nguo yalikuwa yamefungwa, yamepangwa barazani. Binti yake alikuwa jikoni anafunga vyombo. Mama Maabara alikuwa amekaa chumbani na koti lake jeupe, kakosea kifungo kimoja, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba, Skrapa. Kanda iko ndani. Nimeirudisha mwanzo."

Nikabonyeza. Sopreno wakaimba kidogo, nyigu wakaanza. Akainamisha kichwa. "Imepita vizuri." Nikaanza kuandika.

"Mbona unaandika mrefu?"

"Subiri, Mama."

"Hilo siyo neno moja. Unaweka nini humo?"

"Mgeni. Nampitisha kwenye nafasi uliyoacha kati ya mistari."

Nilikosea, mashine ikanikatalia, nikarekebisha. Ikakatalia tena. Jasho lilinitoka hata kwenye magoti. Mara ya mwisho haikusema kitu. Nikamshika mkono, nikauweka kwenye vitufe viwili vya kusogezea mtumbwi. Nikawasha mchezo.

Mashine ikalia, sauti nene.

"Nini hiyo?"

"Kiboko yuko kushoto kwako."

Kidole chake kikaenda kulia chenyewe, kabla hajaamua. Sauti ikakata. Ikalia tena, nyembamba sasa.

"Kulia," akasema, siyo kwangu. Akaenda kushoto. Nene, akaenda kulia. Nyembamba. Nene, nene. Mgongo wake ukanyooka kwenye kiti kama alivyokuwa akikaa kwenye stuli ya maabara. Alikuwa ameufikisha mtumbwi mbali kuliko nilivyoufikisha mimi mwenye macho. Binti yake alitokea mlangoni na sufuria mkononi, akasimama hapo hapo.

Kisha mashine ikalia sauti zote mbili kwa pamoja, na kidole chake kikasita.

"Imeandika nini?"

"Umeliwa, Mama."

Akaegemea kiti. Alicheka kwa tumbo, machozi yakimtoka kwenye macho yale yale, akiyafuta kwa mkono wa koti.

"Nani kakwambia kiboko analia piii?" akasema. "Mimi nimekaa nao mtoni. Kiboko anakoroma. Umeweka mashine ya kukoboa ndani ya mto wangu."

"Ndiyo sauti niliyoiweza."

"Haya, kaa chini. Binti yangu, weka hiyo sufuria, basi la Dodoma si la leo. Tumkoromeshe kwanza." Akapapasa meza mpaka akaipata kibodi kwa kidole, akaisogeza upande wangu. "Halafu kesho uje na lori, Skrapa. Na turubai safi. Lisiwe na pumba."